Wiki Sita za Kupimwa: Tathmini ya Huduma ya Kuchunguza Uwezo wa Ndani wa Kampuni

Mwezi wa Februari mwaka huu, kiwanda cha uchapishaji ninachokisimamia pamoja na kaka yangu na dada yangu katika Eneo la Viwanda, Nairobi, kiliwaajiri washauri wa biashara ili wachunguze uwezo wetu wa ndani na nafasi yetu mbele ya washindani. Walikuwa watatu, kutoka ofisi ya ushauri iliyoko Westlands ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa nina sifa za dhati juu ya kazi yao na pia nina malalamiko mazito, na ninapenda msomaji aizingatie huduma yenyewe kuliko mtoaji wake. Tulilipa shilingi 420,000 kabla ya ushuru, kwa kazi ya wiki sita. Kwa kiwanda chenye wafanyakazi 31 kiasi hicho si kidogo, na ninajua kwamba wako wenye viwanda na maduka wengi mjini humu ambao wameandikiwa barua za kutolewa huduma kama hii na hawajui watarajie nini. Ninawaandikia hao.

Lililotusukuma ni mzozo wa kifamilia. Shule moja ya upili iliyokuwa imetupa kazi ya fomu za ripoti na jarida la mwaka kwa muda wa miaka tisa ilihamia kwa mchapishaji wa mtaa wa River Road, katikati ya mji, na wiki hiyo hiyo benki ikatuidhinishia mkopo wa kununua mashine ya pili ya ofseti ya rangi nne, iliyotumika, kutoka Ujerumani. Kaka yangu aliamini kwamba tumempoteza mteja kwa sababu mashine moja haitutoshi. Mimi niliamini ni bei. Dada yetu, ambaye ndiye mhasibu, alituambia kwamba hakuna kati yetu sote aliyejua kwa nini shule ile iliondoka, na kwamba kutia sahihi mkopo wa miaka mitano kwa msingi wa kukisia ni hatari kubwa kuliko kumpoteza mteja mmoja. Tulikubaliana kuahirisha mkopo na kutafuta mtu wa nje.

Wiki ya kwanza ndiyo iliyonishawishi kwamba fedha zetu hazikwenda bure. Nilitarajia wakae ofisini, waitishe makaratasi, kisha watuulize wakurugenzi maswali ambayo tungeyajibu kwa kujisifu. Badala yake, kiongozi wao, mama mmoja aliyefanya kazi viwandani kwa miaka mingi kabla ya kuingia katika ushauri, aliomba wachague kazi tatu zilizoingia siku hiyo na wazifuate hatua kwa hatua, tangu mteja alipopiga simu hadi gari letu lilipoteremsha mzigo mlangoni pake. Kazi ya kwanza ilikuwa vitabu vya stakabadhi vya duka la vifaa vya ujenzi, ya pili jarida la kanisa, na ya tatu visanduku vya karatasi vya kufungashia majani chai. Kila mshauri alishika kazi moja, na katika daftari lake aliandika muda wote ambao kazi ile ilishughulikiwa na mtu au mashine, na muda wote ambao ilikaa tu.

Matokeo yalitunyamazisha. Jarida la kanisa lilichukua siku kumi na moja kumfikia mteja, ilhali saa zote ambazo mtu au mashine ililishughulikia, ukizijumlisha, hazikufika kumi na tano. Lilikaa siku mbili likisubiri kaka yangu atie sahihi makadirio ya bei, siku tatu likisubiri mteja arudishe prufu, yaani nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, ambayo hakuna aliyemkumbusha, na siku mbili nyingine likisubiri karatasi ambayo, kama ilivyobainika baadaye, ilikuwa ghalani tangu mwanzo, chini ya rimu za kazi nyingine. Mashine ambayo tulitaka kukopa mamilioni ili tuitafutie mwenzake haikufanya kazi kwa karibu nusu ya saa za wiki ile, kwa kuwa mabamba ya kuchapia hayakuwa tayari au sahihi ya mtu ilikuwa haijapatikana. Tulikuwa tumeishi ndani ya kiwanda hiki kwa zaidi ya miaka ishirini bila kuliona jambo hilo, kwa sababu kila mmoja wetu aliona meza yake tu, na kila meza ilikuwa na shughuli nyingi.

Namna hii ya kuitazama kampuni kama mfululizo wa shughuli zinazoongeza thamani au kuipoteza ilienezwa na Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1985, na Kiswahili kimezoea kuiita mnyororo wa thamani. Nilikuwa nimeusoma darasani nilipochukua diploma ya biashara, na niliweza kuuchora kwa kumbukumbu. Kuuchora hakukunisaidia kamwe. Kilichonisaidia ni mtu aliyesimama karibu na mlango wa ghala akiandika kwamba saa nne na dakika kumi asubuhi kazi hii bado haijaguswa. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linalotenganisha huduma yenye thamani na ile isiyo nayo. Mshauri anayeandika ripoti juu ya kiwanda bila kusimama kwenye sakafu ya kiwanda anakuuzia maneno ambayo ungeweza kuyapata bila malipo.

Wiki ya pili na ya tatu zilihusu swali ambalo ndilo kiini cha huduma yote: nguvu zetu ni zipi? Wakurugenzi na wasimamizi wa vitengo tulitakiwa tuandike, kila mtu peke yake, mambo tunayoamini yanatufanya tuwe bora kuliko wengine. Baada ya kuondolewa yaliyorudiwa, yalibaki mambo ishirini na sita, na washauri wakayapitisha yote katika maswali manne. Je, jambo hili lina thamani kwa mteja, kiasi kwamba analilipia au anarudi kwa sababu yake? Je, ni adimu, au karibu kila mshindani analo? Je, ni gumu au ghali kuigwa? Na je, kampuni imejipanga ili ilitumie ipasavyo? Maswali haya yametokana na kazi ya Jay Barney, msomi wa Marekani ambaye mwaka 1991 alieleza masharti ambayo rasilimali hulazimika kuyatimiza ili iipe kampuni ubora wa kudumu, ingawa wazo la kuiona kampuni kuwa mkusanyiko wa rasilimali ni la zamani zaidi, na mwanauchumi Edith Penrose alikwisha kulifafanua mwaka 1959. Washauri hawakutusomea historia hiyo. Walidai ushahidi wa kila tulichokiandika, na pale ushahidi ulipokosekana, jambo hilo lilifutwa ubaoni mbele yetu.

Mashine ndizo zilizofutwa mwanzo. Zina thamani, lakini si adimu, kwa sababu mitambo iliyotumika huingizwa nchini kutoka Ulaya kila mara, na yeyote mwenye dhamana benki anaweza kuipata. Ikafuata hoja ya kaka yangu kwamba tuna uzoefu wa miaka ishirini na miwili. Yule mama alimwuliza kwa upole, "Uzoefu huo ni wa nani, Mzee, na unakaa wapi?" Hakuna aliyeweza kujibu, kwa sababu wengi wa wale tuliokuwa nao mwanzoni walikwisha kuondoka, na hatukuwahi kuandika lolote katika yale waliyoyajua. Uzoefu wa kampuni hauhesabiwi kwa umri wa cheti cha usajili. Ikiwa mtu aliyejua jambo ameondoka nalo, kampuni ina umri tu.

Kati ya mambo ishirini na sita, yalibaki mawili, na yote mawili hayakuandikwa na mkurugenzi yeyote. Yaliandikwa na wasimamizi wa vitengo. La kwanza ni fundi wetu wa rangi, mzee ambaye vijana wote kiwandani humwita Babu. Mteja wa visanduku akileta sampuli ya kijani chake, Babu huchanganya wino mpaka rangi ifanane na sampuli, na akifanya kazi ile ile miezi minane baadaye juu ya karatasi ya shehena nyingine, rangi haibadiliki. Mmoja wa washauri, kijana mdogo, alimwuliza anawezaje. "Ni macho kuzoea, mwanangu," alijibu Babu. "Karatasi hii inakunywa wino, ile nyingine inaukataa. Lazima uijue kabla hujaanza." Washauri hawakuridhika na sifa zetu juu yake. Waliwapigia simu wateja kumi na wanne wa visanduku na kuwauliza kwa nini wananunua kwetu, na tisa kati yao walitaja rangi isiyobadilika kabla hawajataja bei. Mwenye biashara ya majani chai alieleza kwamba pakiti zenye kijani cha aina mbili zikipangwa pamoja kwenye rafu ya duka, mnunuzi hudhani moja ni bandia. Mimi nilikuwa nikimwuzia mtu huyo visanduku kwa miaka sita na sikuwahi kumwuliza swali hilo.

Ndipo lilipokuja swali la nne, la kujipanga, na hapo tukashindwa. Babu anastaafu baada ya miaka miwili. Hakuwa na msaidizi wa kudumu, hakuwa na daftari la vipimo, na mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa msimamizi wa mauzo. Tulikuwa na nguvu ya kweli, adimu, ambayo wateja wanailipia, na tulikuwa tumeiacha ikae katika macho ya mtu mmoja anayetembea kwa miguu kurudi Mukuru kila jioni.

Jambo la pili ni usomaji wa prufu za Kiswahili. Tuna mwalimu mstaafu ambaye kwa miaka kumi amekuwa akisoma kila kazi ya Kiswahili kabla ya mabamba kutengenezwa, akarekebisha vipatanishi, akatenganisha maneno yaliyounganishwa kimakosa, na mara nyingine akampigia mteja simu kumwuliza kama kweli alikusudia kusema alichokiandika. Sisi tulimhesabu kuwa gharama, na mwaka juzi tulijadili kumpunguzia siku za kazi. Makanisa matatu na mashirika mawili yanayotoa miongozo ya afya kwa wananchi yalisema, kila moja kwa maneno yake, kwamba yanakuja kwetu kwa sababu yake, kwani wachapishaji wengi huchapisha kilichopo kwenye faili kama kilivyo. Kama mpenzi wa lugha hii, niliona aibu kwamba ilibidi mgeni anifahamishe thamani ya kazi iliyokuwa ikifanywa mlango wa pili kutoka ofisini kwangu.

Katika kikao cha wiki ya tatu, kaka yangu alitaka kujua jambo gumu kuigwa hasa ni lipi, kwa kuwa kwa maoni yake kila kitu huigwa Nairobi. Mfano aliopewa ni mzuri na ninaurudia hapa. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mwezi wa Machi 2007, teknolojia ya kutuma fedha kwa ujumbe wa simu haikuwa siri, na kampuni nyingine za simu zilikuja na huduma zao baada ya muda mfupi. Ambacho hazikuweza kukinunua ni mtandao wa mawakala waliokwisha kuaminiwa hadi vijijini, na desturi ya watu kutuma kwa namba ambayo mpokeaji tayari anayo. Hata baada ya mawakala kufunguliwa wahudumie kampuni pinzani mwaka 2014, kufuatia hatua ya Mamlaka ya Ushindani, nafasi ya M-Pesa haikuyumba. Nguvu ilikuwa imehama kutoka kwenye mtambo na kukaa katika mazoea ya mamilioni ya watu.

Mfano wa upande wa pili niliutoa mimi mwenyewe, na hakuna aliyeupinga. Nakumatt ilianza kama duka la magodoro Nakuru, ikakua hadi kuwa na zaidi ya matawi 60 Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi tuliohudumia maduka makubwa tulitaja idadi hiyo kuwa ndiyo nguvu yake. Mwaka 2017 rafu zilikuwa tupu kwa sababu waliowauzia bidhaa hawakulipwa, na Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Ukubwa ulikuwa umeonekana kama uwezo wa ndani, ilhali uwezo wa kulipa madeni kwa wakati, ambao ndio ulioziweka bidhaa kwenye rafu, ulikuwa ukidhoofika kwa muda mrefu. Nilipoutaja mfano huu, dada yangu alifungua kitabu chake cha wadaiwa na kutusomea, kwa sauti ya kawaida kabisa, majina ya wateja ambao hawajatulipa kwa zaidi ya siku tisini.

Sehemu ya fedha ilifanywa vizuri na haina mengi ya kueleza. Walisoma vitabu vya miaka mitatu, wakaonyesha kwamba tunapata faida kubwa zaidi kwa kila shilingi katika visanduku na ndogo zaidi katika vitabu vya stakabadhi, jambo ambalo dada yangu alikwisha kutuambia mara nyingi, na wakaonyesha ni kiasi gani cha fedha zetu kimelala mikononi mwa wadaiwa, nyingi yake ikiwa kwa ofisi za umma.

Malalamiko yangu yanaanzia katika wiki ya nne, kwenye uchunguzi wa washindani. Kwa uwezo wa ndani walikuwa wamedai ushahidi, wakahesabu saa, wakapiga simu. Kwa washindani walituletea jedwali la bei kutoka kwa wachapishaji saba wa River Road na Eneo la Viwanda, basi. Bei ni sehemu ya ushindani, lakini wao wenyewe walikuwa wametufundisha kwamba mteja wa visanduku hanunui bei peke yake. Hawakupima washindani wanachukua siku ngapi, hawakuagiza kazi ndogo kutoka kwa hata mmoja wao ili waone ubora, na hawakumtembelea mteja yeyote aliyetuacha. Hata ile shule, ambayo ndiyo iliyoanzisha safari hii yote, hawakuwa wameitembelea mpaka nilipolalamika kwa maandishi.

Zaidi ya hayo, jedwali lile lilichukulia kwamba anayeshindana nasi ni mchapishaji mwenzetu tu. Porter huyo huyo alieleza mwaka 1979 kwamba kampuni hubanwa na pande tano: washindani waliopo, wanaoweza kuingia, bidhaa mbadala, wanunuzi, na wanaotuuzia malighafi. Kwa mchapishaji wa Nairobi, upande wa malighafi hauwezi kuachwa. Tangu kiwanda cha karatasi cha Pan Paper mjini Webuye kiliposimama mwaka 2009, karatasi tunayotumia kwa kazi nzuri hutoka nje na hulipiwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilifikia takriban shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Mchapishaji aliyejaza ghala Januari kwa bei ya juu alijikuta miezi michache baadaye akishindana na mwenzake aliyenunua kwa bei ya chini, bila mmoja wao kuwa hodari kuliko mwingine. Ripoti isiyolizingatia hilo inaweza kumsifu mtu kwa bahati yake na kumlaumu mwingine kwa bahati mbaya. Vilevile hawakutaja kwamba marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017 iliwaleta katika soko la vifungashio vya karatasi watu ambao kabla ya hapo hawakuwa wachapishaji kabisa, wala kwamba tangu mwaka 2018, serikali ilipoanza kuzipelekea shule vitabu vya kiada moja kwa moja, kazi kubwa za vitabu zimeelekea kwa wachache wenye mikataba na wachapaji wakubwa. Haya si mambo ya siri, na yeyote aliye katika kazi yetu angeyataja kabla hajamaliza kikombe cha chai.

Niseme kwa haki kwamba walipopokea barua yangu hawakubishana. Waliongeza wiki moja bila malipo, wakaagiza kadi mia tano kutoka kwa washindani wanne, wakaenda shuleni. Mkuu wa shule aliwaeleza kwamba bei ya River Road ilikuwa chini ya yetu kwa tofauti ndogo tu, na kwamba hilo lisingemhamisha. Alihama kwa sababu muhula wa tatu fomu za ripoti zilifika siku mbili baada ya wanafunzi kufunga shule, na alipopiga simu alipewa watu watatu tofauti, kila mmoja akimwambia azungumze na mwingine. Kwa hiyo kaka yangu hakuwa sahihi, nami pia sikuwa sahihi. Siku kama zile ambazo jarida la kanisa lililala likisubiri sahihi ndizo zilizotunyang'anya shule, na kwangu taarifa hii moja ilistahili sehemu kubwa ya ada tuliyolipa.

Lalamiko la pili ni zito zaidi kwa sababu linahusu uaminifu. Rasimu ya kwanza ya ripoti ilifungwa kwa lile jedwali la nguvu, udhaifu, fursa na vitisho ambalo wengi hulijua kwa jina la SWOT. Chini ya nguvu kulikuwa na maneno kama "uongozi wenye maono" na "wafanyakazi waliojitolea", ambayo hayakupitia lile jaribio la maswali manne wala hayakutolewa ushahidi wowote. Chini ya vitisho kulikuwa na sentensi juu ya kuharibika kwa bidhaa ghalani kutokana na joto, sentensi ambayo bila shaka ilitoka katika ripoti ya mteja mwingine mwenye biashara ya vyakula. Nilipowaonyesha, kiongozi wao aliomba radhi na kueleza kwamba sehemu ile ilijazwa ofisini na mtu ambaye hakuwahi kufika kiwandani. Ninaamini alisema kweli, na kwangu hilo ndilo kosa lenyewe. Jedwali la aina hiyo lina faida ikiwa kila neno lililomo limechumwa kutoka kwa kazi iliyofanywa, na likapangwa kwa uzito, ili msomaji ajue udhaifu upi unaua na upi unasumbua tu. Likijazwa kutoka kabatini, linaipaka rangi kazi nzuri iliyotangulia hata isionekane.

Liko jambo la lugha pia, na sitalipita. Siku mbili za mwanzo mahojiano na wafanyakazi yalifanywa kwa Kiingereza, na majibu yaliyorudi yalikuwa mafupi na ya adabu. Msimamizi wa kitengo cha kufunga vitabu ndiye aliyependekeza yafanywe kwa Kiswahili, na siku ya tatu watu walizungumza. Kuhusu karatasi iliyofichwa ghalani tuliambiwa na kijana wa kupakia mizigo, kwa Kiswahili, na bila hivyo huenda tusingelijua jambo hilo hadi leo. Hata hivyo ripoti iliandikwa kwa Kiingereza tupu, kurasa sabini na nne, na watu ambao maneno yao ndiyo yaliyoijenga hawakuweza kuisoma kwa raha. Tuliomba muhtasari wa Kiswahili, tukaambiwa haumo kwenye mkataba. Hatimaye mwalimu wetu wa prufu aliutengeneza kwa siku nne, kurasa kumi na mbili, na mkutano tulioufanya sakafuni tukiwa na muhtasari huo mkononi ulikuwa na manufaa kuliko kikao chochote cha wakurugenzi. Fundi mmoja wa kukunja alitaja hatua mbili za kazi ambazo washauri hawakuzigundua, na tumezifuta zote mbili.

Anayefikiria kuchukua huduma hii hapa Nairobi, ningemwomba asitie sahihi mkataba usiotaja mambo machache kwa uwazi: kwamba washauri watafuata kazi halisi kutoka mwanzo hadi mwisho, kwamba watawahoji wateja waliopo na walioondoka kwa idadi iliyokubaliwa, kwamba washindani watapimwa kwa kununua bidhaa zao na siyo kwa kuulizia bei tu, na kwamba walioandika ripoti ndio waliofika kiwandani. Lugha ya mahojiano na ya ripoti itajwe pia. Kwa biashara ya watu watano au sita sidhani kuwa ada kama tuliyolipa inafaa. Mwenye biashara ndogo anaweza kuchukua kazi tatu, saa na daftari, na kumwomba rafiki asiye na maslahi awapigie simu wateja wake kumi. Atapata sehemu kubwa ya tulichokipata sisi. Asichoweza kukipata kwa urahisi ni mtu wa nje wa kumwambia kaka yake mkubwa, kwa heshima na mbele ya wengine, kwamba nguvu anayojivunia si nguvu.

Mkopo hatukuuchukua. Sahihi ya kaka yangu haihitajiki tena kwa makadirio yaliyo chini ya shilingi 100,000, na karani mmoja amepewa jukumu la kumpigia mteja kila prufu inapomaliza siku moja bila kurudi. Mwezi uliopita jarida la kanisa lile lile lilimfikia mteja siku ya tano. Shule haijarudi, na sitarajii irudi mwaka huu. Mshahara wa Babu umepandishwa, na amepewa vijana wawili anaowafundisha kila siku, pamoja na mizani ndogo na daftari kubwa ambamo kila mchanganyiko huandikwa kwa gramu, jina la karatasi na tarehe, na kipande cha rangi yenyewe kikibandikwa pembeni. Mwanzoni hakupenda kupima. Alisema mizani haijui karatasi. Wiki iliyopita alikuwa kliniki kwa siku mbili, na vijana walichanganya kile kijani cha majani chai kwa kufuata ukurasa wa kumi na saba. Babu aliporudi alivipeleka visanduku kwenye mwanga wa mlangoni, akavitazama kwa muda mrefu, kisha akachukua kalamu na kuongeza chini ya ukurasa ule maneno mawili juu ya unyevu wa karatasi.